Haisikii

Waruguru alimwita Phelista nyuma ya hoteli, pale masufuria yanapooshewa, akamwambia akunje mkono wa sweta.

"Ule wa kushoto."

Phelista alikunja. Ilikuwa saa nne asubuhi na jua la Kiminini lilikuwa limeshafika kwenye uzio wa mabati, kwa hiyo hakukuwa na pa kuficha. Alama ilianzia karibu na kiwiko ikashuka, pana kama kisahani cha kikombe, imepauka kuliko ngozi nyingine, ukingo wake umeinuka kidogo kama chapati inayoanza kuiva. Mwaka jana, wakati wa kupanda mahindi, ilikuwa ndogo kama shilingi.

"Imeongezeka," Waruguru alisema.

"Kidogo tu, bosi."

"Kidogo gani? Mteja ameniuliza jana kama siku hizi tunapikiwa na watu wa mashilingi. Mbele ya watu."

"Si mashilingi. Mashilingi ni choa, inawasha. Hii haiwashi."

"Phelista, mimi si daktari na wewe si daktari. Niletee barua. Iandikwe ni ugonjwa gani, na iandikwe kama inashika watu. Leo ni Jumanne. Jumatatu kama hakuna barua, hapo kwa chapati naweka mtu mwingine."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Phelista. Waruguru akipiga kelele, mambo huisha kabla ya chai ya saa kumi. Akisema polepole, ujue ameshalala nalo akaamka nalo.

Miaka sita kikaango kile kilikuwa cha Phelista. Madereva wa malori ya mahindi walikuwa wanapita hoteli tatu ili waje kwake, na si kwa sababu ya unga. Alikuwa anageuza chapati kwa vidole. Wapishi wengine hugusa na kutoa mkono upesi, wanapuliza vidole, wanacheka. Yeye alikuwa anakandamiza chapati kwa kiganja huku anamwangalia mtu usoni na kumuuliza habari za kwake. Dereva mmoja, Kipkorir, ndiye aliyempa jina la Mkono wa Moto, na jina likashika. Mwaka huu wa mwisho mkono ulikuwa umekuwa hodari zaidi. Phelista mwenyewe alidhani ni kuzoea kazi.

Alishusha sweta. "Nitaleta barua," alisema.

*

Jumatano alifika katika hospitali moja mjini Kitale kabla dirisha la kadi halijafunguliwa. Mume wake, Khisa, alikuwa ameacha kazi yake ya kuchonga mawe siku hiyo ili amsindikize, kwa sababu hii ilikuwa mara ya tatu na alitaka kujua ni nini hasa mke wake huwa anaambiwa huko. Mara ya kwanza walimpa dawa ya upele, wakamwambia achemshe mablanketi. Alichemsha. Mara ya pili walimpa dawa ya mashilingi, ya kupaka. Alipaka mpaka ikaisha.

Saa sita na nusu aliitwa. Chumba kilikuwa na meza mbili na madaktari wawili, na wagonjwa wengine wanne kwenye benchi wakisubiri, wakisikiliza. Daktari wake alikuwa kijana, macho mekundu ya mtu ambaye hajalala. Hakusimama.

"Shida?"

"Ni huu mkono, daktari. Na iko ingine kwa mgongo."

"Inawasha?"

"Hapana."

"Inauma?"

"Hapana."

"Sasa haiwashi, haiumi. Umekuja kuona nani, mama?"

Mwanamke mmoja kwenye benchi alicheka kidogo, kisha akajifanya anakohoa. Phelista alitazama vidole vya daktari. Vilikuwa vimeshika kalamu juu ya kadi, havikuwa vimesogea kumwelekea hata kidogo.

"Haisikii, daktari," alisema.

"Eh?" Daktari alifunua kadi. "Hii ya kupaka uliyopewa? Haisikii?"

"Haisikii kabisa."

"Sawa. Tutaongeza yenye nguvu."

Aliandika. Phelista aliona kalamu ikikimbia na moyo wake ukatulia. Alidhani ameeleweka.

"Na unajipaka nini kwa ngozi?"

"Mafuta tu ya kawaida. Ile ya watoto."

"Hakuna mkorogo?"

"Hapana."

"Ngozi imepauka hivi na unaniambia hakuna mkorogo. Mnajichubua huko, halafu mnakuja kutulilia hapa." Akaandika tena.

"Daktari, naomba barua ya kazini. Iseme ni ugonjwa gani."

"Mimi nimekwambia najua ni gani?"

"Basi iandikwe hujui."

Yule daktari wa meza ya pili aliinua kichwa. Phelista hakuwa na nia mbaya. Kwake karatasi yoyote yenye muhuri ilikuwa afadhali kuliko mikono mitupu.

"Mama," kijana alisema, "hospitali haiandikangi barua ya sijui. Chukua dawa. Anayefuata!"

Khisa alikuwa amemshikia nafasi kwenye foleni ya dirisha la dawa. Watu walikuwa wengi kivulini. Kadi ikapita chini ya kioo, yule wa ndani akaisoma, akapotea nyuma, na aliporudi hakukumbuka jina. Aliangalia kwenye kadi na kuchukua neno lililo karibu.

"Mama wa mkorogo ni nani? Mama wa mkorogo! Dawa yako!"

Khisa ndiye aliyenyoosha mkono kuipokea.

*

Khisa alingoja mpaka walipofika nyumbani, akala, akanawa.

"Unajichubulia nani?"

"Baba Edah, umeishi na mimi miaka tisa. Umeona kopo gani kwa hii nyumba?"

"Nimeuliza unajichubulia nani. Ni wale wa malori?"

"Nikijichubua si ningeanza na uso? Nani anajichubua kiwiko?"

Khisa alikasirika zaidi. Alikuwa mtu mpole, mwenye aibu nyepesi. Kuitikia jina lile mbele ya foleni nzima kulikuwa kumemuumiza mahali asipoweza kupaonyesha. Na chini ya hasira kulikuwa na woga. Kama si mkorogo, basi ni nini? Alisimama, akachukua taulo lake kwenye msumari ambao walizoea kutundikia mataulo yote mawili, akaenda kulitundika kwenye kamba upande mwingine wa nyumba.

Phelista aliona. Edah, mtoto wao wa miaka minane, naye aliona.

*

Alhamisi hoteli ilikuwa imejaa. Phelista alikuwa anasukuma chapati kwa mkono wa kulia na kuzungumza na Kipkorir, aliyekuwa ametoka kupakia mahindi Ndalu na alikuwa anatania kama kawaida yake.

"Mkono wa Moto, siku hizi unavaa sweta kama mtu wa Cherangani. Kwani Kiminini kumeshuka barafu?"

"Kula, bana. Chapati ikipoa utanilaumu."

"Nakula. Lakini ni nini inaungua?" Alinusa. "Hiyo si unga."

Phelista aliangalia kikaango. Chapati ilikuwa nzuri, ya rangi ya asali. Kisha aliangalia pale Kipkorir alipokuwa anaangalia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala kwenye ukingo wa kikaango, sweta limepanda, na ngozi iliyogusa chuma ilikuwa imegeuka nyeupe na kuvimba. Ulikuwa umekaa pale muda wote wa mazungumzo.

Aliuinua. Kitu kidogo kilibaki kwenye chuma na kuendelea kutoa moshi.

Alisubiri uchungu uje, na watu wote waliokuwa wanakula walisubiri pamoja naye. Haukuja.

"Wee!" Kipkorir alisema. Alikuwa amesimama. Hakuwa anatania tena. "Wewe mama, husikii?"

Waruguru alikuja na kitambaa chenye maji, akasita, akamrushia badala ya kumfunga. "Enda nyumbani," alisema. "Enda, Phelista. Na ile barua."

Njiani aliingia katika kliniki ndogo karibu na stendi. Mhudumu alisafisha kidonda vizuri, akakifunga kwa bandeji nyeupe, na alikuwa na maneno mazuri.

"Pole, mama. Wapishi wote huungua."

"Lakini haikusikia. Nimewekelea kwa moto na haikusikia."

"Ndiyo," mhudumu alisema, akikata plasta kwa meno. "Moto haisikii mtu."

*

Jioni hiyo mama yake Khisa aliwasili kutoka Sirisia. Khisa ndiye aliyempigia simu aje azungumze na mke wake mambo ya mkorogo, kwa kuwa ni mambo ya wanawake. Aliitwa Namalwa, na Edah alimwita kukhu, yaani bibi. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa tangu zamani na la kulia lilikuwa linafuata, kwa hiyo akiwa ndani ya nyumba ile hakukuwa na siri: lazima aambiwe kwa sauti, naye hujibu kwa sauti, na majirani hupata yote.

Alikaa, akapewa chai, akamtazama mkaza mwanawe.

"Haya. Ni mkorogo?"

"Hapana, mama."

"Eh?"

"Si mkorogo!"

Nje, jirani aliyekuwa anaanua nguo alianza kuanua polepole.

"Basi ni nini?"

"Sijui. Nimepewa dawa mara tatu, na kila mara ninawaambia. Haisikii."

"Nani haisikii?"

"Mkono!"

"Mkono haisikii nini?"

Swali lilikuwa dogo sana. Alikuwa amezunguka nalo mwaka mzima na hakuna mtu aliyemuuliza.

"Haisikii chochote," alisema, akasahau kupaza sauti, akarudia. "Haisikii chochote, mama! Moto haisikii. Sindano haisikii. Hata Edah akinishika hapa, mimi naona tu ameshika."

Khisa, aliyekuwa mlangoni, aligeuka.

"Na hao wa Kitale, umewaambia hivyo?" Namalwa aliuliza.

"Nimewaambia haisikii."

"Halafu?"

"Wakaongeza dawa."

Mama mkwe aliweka kikombe chini. Alipeleka maneno huku na huku kinywani kama anayetafuta mfupa wa samaki.

"Wao wamesikia ni dawa," alisema hatimaye. "Wewe unasema mkono, wao wanaandika dawa." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe umeniita kutoka Sirisia nije niongee mkorogo. Kesho namchukua. Kule kwetu kuna Makokha, yule wa kifua."

"Lakini mimi sikohoi, mama."

"Eh?"

"Sina kifua!"

"Sijasema uko na kifua. Nimesema kuna Makokha."

*

Chumba cha Makokha kilikuwa nyuma kabisa ya kituo cha afya, kando ya tangi la maji, kwa sababu wagonjwa wa kifua kikuu huwekwa mahali penye upepo. Watu walikuwa wamekaa nje kwenye mbao, wamefunga midomo kwa vitambaa. Makokha alikuwa mtu mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, amebakiza mwaka mmoja astaafu. Alimsalimu Namalwa kwanza, akamuuliza habari za kifua chake, kisha akafungua kadi ya Phelista na kuisoma kuanzia ukurasa wa kwanza. Aliisoma yote.

"Dawa ya upele. Dawa ya mashilingi. Hapa wameandika umetumia mkorogo. Na hapa wanasema ugonjwa hausikii dawa."

"Si dawa!" Namalwa alipiga kelele mpaka waliokaa kwenye mbao nje wakageuka. "Ni mkono! Mkono ndio hausikii!"

Makokha alimtazama Namalwa. Kisha alimtazama Phelista, na Phelista aliitikia kwa kichwa.

Alifunga kadi. Alitoa pamba kwenye kopo, akavuta uzi mmoja, akausokota ncha yake. Akamwambia Phelista aweke mkono juu ya meza.

"Funga macho. Nikikugusa, weka kidole pale nimegusa. Tumeelewana?"

"Ndiyo."

Alimgusa shingoni, kidole kikaja hapo hapo. Akamgusa shavuni, kidole kikaja. Kisha hakuna kilichofuata. Phelista alisubiri. Alisikia maji yakidondoka kutoka kwenye tangi, mtu akikohoa, kuku. Alifikiri labda Makokha amesoma tena kadi, amebadilisha mawazo kama wale wengine.

"Nimefunga, daktari," alisema. "Anza tu."

Hakujibiwa.

"Daktari? Niko tayari."

Namalwa alikuwa amekaa kando ya meza na alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Alikuwa ameona pamba ikigusa mkono ule mara tano, ndani ya alama, juu ya alama, chini ya alama. Alikuwa ameona ncha ya kalamu ikibonyeza. Sasa kulikuwa na pini, na mahali pini ilipotoka kulikuwa na tone la damu, dogo, la duara, na mkaza mwanawe amekaa wima, amefumba macho kama mtoto anayesali, akisubiri kuguswa.

"Fungua," Makokha alisema.

Phelista aliona damu kwanza, kisha uso wa mama mkwe. Makokha alikuwa anapapasa nyuma ya kiwiko chake, taratibu, akitafuta kitu. Alikipata. Alimwongoza Phelista aguse mwenyewe kwa mkono wa kulia: mshipa mnene, mgumu kama kamba ya kiatu.

"Huu ni ukoma," alisema.

Namalwa, ambaye huambiwa kila kitu mara mbili, neno hilo alilisikia mara moja.

"Ile ya Biblia?" Phelista aliuliza.

"Wale wa Biblia hawakuwa na dawa. Wewe uko nayo, na ni ya bure. Utameza mwaka mzima, usiruke hata siku moja. Siku chache tu na huwezi kumwambukiza mtu. Mume na mtoto nitawaangalia pia; waje wiki ijayo. Mkojo utakuwa mwekundu, usishtuke, ni dawa." Aliangalia bandeji. "Hii imetoka wapi?"

"Kikaango. Napika chapati."

"Hakuna kijiko huko?"

"Kiko. Nageuzanga na mkono."

"Nani alikwambia ugeuze na mkono?"

"Watu walikuwa wanapenda," Phelista alisema, na hapo ndipo machozi yalipotoka. Jina la ugonjwa halikuwa limeyatoa. Maneno yale machache ndiyo yaliyoyatoa.

Makokha alimwacha alie. Hakuangalia saa. Phelista alipomaliza, alimezeshwa dozi ya kwanza pale pale, kwa maji ya kikombe cha bati, na aliposema habari za barua Makokha alivuta karatasi bila kuuliza ya nini.

"Naweza kuandika 'ugonjwa wa ngozi, anatibiwa, anaweza kufanya kazi'. Si uongo. Au niandike jina. Ni juu yako, mama. Ukishatoa jina, huwezi kulirudisha."

Namalwa aliinama aelekeze sikio zuri.

Phelista alifikiria benchi la Kitale, na yule mwanamke aliyecheka, na kijana aliyemwambia hospitali haiandiki barua ya sijui.

"Andika jina," alisema.

*

Jumatatu Waruguru alisoma barua akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Muhuri ulikuwa mzuri, wa zambarau. Kwenye kikaango kulikuwa na msichana mwingine, Nduta, anageuza chapati kwa kijiko kipana na kuzichana.

"Pole," Waruguru alisema, na alimaanisha. "Pole sana, Phelista."

"Imeandikwa hapo chini naweza kufanya kazi. Wiki hii tu nikimeza, siwezi kuambukiza mtu."

"Nimeona. Mimi najua kusoma. Wateja ndio hawasomi." Alitazama mlango. "Ungeniletea hata ya mashilingi. Mashilingi ningeweza kuwaeleza."

"Uliniambia iandikwe ni ugonjwa gani."

"Nilisema hivyo."

Waruguru alikunja barua mara mbili, akafungua droo, akaiweka ndani. "Nenda upone. Nitakupigia."

Phelista alikuwa amefanya kazi pale miaka sita na alikuwa amesikia wengi wakiambiwa watapigiwa. Aliangalia droo. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kungoja zamu, wa kusema asante kwa dawa isiyo yake.

"Nirudishie barua yangu, bosi."

"Ya nini sasa?"

"Ni yangu. Jina lililo ndani nimelitafuta mwaka mzima."

Waruguru aliitoa, akaisukuma juu ya meza kwa ncha ya kidole kimoja. Phelista aliichukua kwa mkono wa kushoto, akiuangalia mkono usiidondoshe, akatoka akipita katikati ya meza za watu.

*

Khisa hakuwa ameenda kazini. Mama yake alikuwa amemweleza tangu Ijumaa, kwa sauti ile ile, na mtaa mzima ulikuwa umeelezwa pamoja naye. Siku tatu alikuwa hajui aanzie wapi. Phelista alipoingia aliona taulo la mume wake limerudi kwenye msumari.

"Amesemaje?"

"Atanipigia."

Khisa alielewa. Alivuta kiti chake, akakiweka mbele ya kiti cha mke wake, magoti yakagusana. Alichukua mkono wa kushoto, akapandisha sweta, na kwa vidole vyake vilivyojaa sugu za mawe akagusa katikati ya ile alama.

"Hapa unasikia?"

"Hapana."

Alisogeza kidole kidogo kuelekea juu.

"Na hapa?"

"Hapana."

Akapita ukingo ulioinuka, akapita kiwiko, polepole kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango. Phelista alifumba macho.

"Hapa?"

"Hapana. Panda kidogo."

Kidole kilipanda.

"Hapo," Phelista alisema. "Hapo nasikia."